Gitare kwanza au wimbo kwanza? Habari ya vyombo vya muziki katika Congo yetu

Kalemie.

Juma lililopita, baada ya kipindi cha jioni, kijana mmoja alinisubiri nje ya mlango wa studio. Anaishi na mama yake na wadogo zake wanne katika moja ya maeneo ya wakimbizi wa ndani karibu na mji. Namjua tangu walipofika, maana ndiye anayeletaga matangazo ya watoto waliopotea na ya siku za kugawa chakula. Siku hiyo hakuleta tangazo.

"Yaya," akasema, "gitare ya umeme pamoja na ampli yake ni dola ngapi kwa bei ya kweli? Tusije tukaibiwa."

Nikamuuliza ni ya nani. Akanieleza kwamba wao ni vijana saba na wanataka kuunda orkestra. Wamekwisha kukusanya dola 310. Sehemu imetoka kwenye vibarua vya bandarini, na sehemu kubwa imetoka kwa mama zao, katika likelemba ya akina mama wauza dagaa. Kuna mfanyabiashara mjini anayewapa gitare, ampli, bafle mbili na mikro kwa dola 600. Nusu walipe sasa, nusu nyingine baada ya miezi mitatu. Wakishindwa, vyombo vinarudi kwake na pesa hairudi.

"Mnapiga nyimbo gani?"

Akatazama chini. "Tukipata vyombo tutaanza."

"Nani kati yenu anajua gitare?"

"Mmoja. Alikuwa nayo kule kijijini. Ilibaki ndani ya nyumba."

Hapo nilinyamaza. Ni rahisi kumcheka kijana anayetaka bafle kabla ya wimbo. Lakini mtu aliyekimbia usiku akaacha gitare nyuma ya mlango si mtu wa kuchekwa. Nikamwambia anipe siku chache. Jibu lenyewe ni refu, na sehemu kubwa iko katika historia yetu wenyewe, kwa hiyo naliandika hapa ili na wengine walisikie.

Nianze mbali kidogo, kabla ya gitare. Wazee wa Katanga waliozaliwa zamani walikuwa wakitaja ngoma inayoitwa mbeni. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hiyo ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wa Kiswahili waliona bendi za askari wa Wazungu, tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa kijeshi, wakatengeneza za kwao. Walijigawa katika vyama vilivyoshindana, na kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na vyeo vya kila aina. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza bara nzima. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilijulikana katika miji mingi ya Tanganyika. Baadaye ngoma ikafika mpaka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, katikati ya wafanyakazi wa migodi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975.

Sasa sikiliza jambo lililotokea huko pwani. Mashindano ya kucheza yaligeuka mashindano ya kununua. Chama kimoja kikileta nguo za kijeshi, cha pili kinaleta nguo nzuri zaidi na tarumbeta za shaba. Hawa wakichinja ng'ombe kwa ajili ya wageni, wale lazima wachinje wengi zaidi. Heshima ya mtaa ilikuwa ndani ya mambo hayo, na watu walitumia kuliko walivyokuwa nacho. Mimi sisemi walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliotawaliwa, na kuvaa nguo za jenerali siku ya Jumapili kulikuwa na maana yake kubwa. Lakini ukiuliza leo nini kimebaki kutoka kwenye mbeni, utajibiwa mwendo wa kucheza, namna ya kuimba kwa mafumbo, na vyama vya kusaidiana msibani. Zile nguo zilichakaa.

Tuje kwenye gitare. Katika Katanga yetu, reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa miaka minne kabla. Watu wakaja kufanya kazi kutoka kila upande, hata kutoka Rhodesia na Nyasaland, na mwisho wa mwezi walipokea mshahara. Pamoja na baiskeli, cherehani na gramafoni, gitare iliingia ndani ya kambi za wafanyakazi. Ilikuwa gitare ya mbao tupu, bila umeme. Mtu alipiga jioni baada ya kazi, mbele ya nyumba, na jirani akagonga chupa tupu kwa kijiti ili kushika mwendo. Chupa hiyo ndiyo ilikuwa batteri yao. Ukisikiliza rekodi za zamani za Katanga utaisikia, kitin-kitin, haichoki tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kutoka katika dunia hiyo ametoka mtu ambaye kila Mkatanga angepaswa kumjua kama anavyojua jina la mto wake. Jean Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika Wabayeke. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alikuwa akizunguka nchi zetu na mashine yake ya kurekodi. Akamkuta Bosco akipiga gitare barabarani. Akamrekodi. Kati ya nyimbo hizo kulikuwa na moja inayoitwa "Masanga".

Kama hujawahi kuisikia, omba mtu mwenye simu akutafutie. Ni gitare moja na mtu mmoja. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume, kidole gumba na cha shahada. Gumba kinatembea chini kama mtu anayetwanga, cha shahada kinaimba juu, na katikati masikio yako yanadhani kuna mpigaji wa pili aliyejificha. Mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliandika makala ndefu mwaka 1961 na 1962 akijaribu kuandika kila noti ya Bosco kwenye karatasi. Wapigaji wa Ulaya na Marekani waliokuwa na gitare za thamani kubwa walikaa chini kujifunza vidole vile viwili.

Rekodi hiyo ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, kwa jina la Gallotone. Kuna jambo moja ambalo hunifurahisha kila mara. Jina hilohilo la Gallotone lilibandikwa pia kwenye gitare za bei ndogo zilizotengenezwa Afrika Kusini, zile ambazo mfanyakazi wa kawaida angeweza kununua. Moja ya gitare hizo ilivuka bahari ikaangukia mikononi mwa kijana wa Liverpool, Uingereza, aliyeitwa John Lennon. Hiyo ndiyo gitare aliyoanzia, kabla dunia haijasikia habari za Beatles. Kwa hiyo ukimwona mtu anadharau gitare ya bei ndogo, mwulize anajua nini.

Bosco hakubaki Jadotville. Alikwenda Nairobi kabla tu ya uhuru wa Kenya, ambako alitangaza dawa ya kichwa ya Aspro kwa nyimbo. Ndugu yake Edouard Masengo naye alikuwa huko, yeye akiimbia Coca-Cola. Vijana wa Kenya waliwatazama mikono na kuiga, na ndiyo sababu gitare ya zamani ya Kenya inanukia Katanga mpaka leo. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari, upande wa Zambia.

Twende Kinshasa, ambayo wakati huo ni Léopoldville. Mama mmoja alikuwa akiuza mikate ya kukaanga sokoni, na mwanawe mdogo, aliyekwisha kufiwa na baba, alikaa karibu naye akipiga ili kuvuta wateja. Gitare yake aliitengeneza mwenyewe kwa kopo na mbao, nyuzi zikiwa waya za umeme zilizochunwa. Kijana mkubwa kidogo wa mtaa, Ebengo Dewayon, alimwonyesha pa kuweka vidole. Mtoto huyo ni François Luambo, aliyejulikana kama Franco. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia studio ya Loningisa na kurekodi. Mwaka 1956 yeye na wenzake waliunda OK Jazz, na kwa zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki Oktoba 1989, Afrika nzima ilicheza kwa vidole vyake.

Hapa ndipo ningependa yule kijana wangu asimame kidogo, kwa sababu Franco hakuishi na gitare ya kopo maisha yote. Studio ilimpa gitare ya kweli. Na studio haikuwa shirika la msaada. Loningisa ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kigiriki, akina Papadimitriou. Ngoma, iliyoanza 1948, ilikuwa ya Mgiriki mwingine, Jeronimidis. Wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao. Vyombo vilikuwa vya mwenye studio au mwenye baa. Hata jina OK linatoka kwa Oscar Kashama, mwenye baa walimokuwa wakipiga. Mtu anaweza kuwa na kipaji, na mji mzima ukamjua, lakini asubuhi akitaka kuondoka, gitare inabaki ukutani kwa patron. Ukifuata historia ya orkestra zetu, jinsi zilivyokuwa zikigawanyika kila mwaka, utaona mara nyingi ugomvi wa wivu, wanawake na pesa. Chini yake, ukichimba, unakuta swali moja: vyombo ni vya nani?

Miaka ya 1970 mpigaji saksafoni Verckys, aliyetoka OK Jazz, alilielewa swali hilo kuliko wengine. Alinunua vyombo, akawapa vijana wa Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam, na akauza rekodi zao. Wengi walipata jina kupitia kwake. Lakini yeye ndiye alikuwa mwenye vyombo, na kila mmoja alijua maana yake.

Mimi mwenyewe nililipa shule hiyo. Nilipokuwa kijana tulikuwa na kikundi cha watu wanane hapa mjini. Tulikuwa na gitare mbili kavu na ngoma, na tulipiga kila Jumamosi chini ya mwembe. Watu walikuja, watoto walicheza, hatukuwa na deni kwa mtu. Halafu tukasikia kikundi cha mtaa mwingine kimepata ampli. Aibu ikatuingia. Mfanyabiashara mmoja, ambaye simtaji jina, akatukopesha ampli na bafle. Tulilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu tukashindwa, akasema hana shida, tutalipa kwa kupiga katika baa yake kila wikiendi. Tulipiga mwaka na zaidi. Kila tulipomaliza hesabu, alikuwa na hesabu nyingine, mara kable imeungua, mara bafle moja imepasuka. Mwisho wenzangu walianza kukosa kuja, mmoja baada ya mwingine. Siku alipochukua vyombo vyake tulikuwa tumebaki watatu, na hatukumbuki hata ni lini tuliacha kupiga chini ya mwembe. Zile gitare kavu mbili tulikuwa tumeziuza ili kulipa malipo ya kwanza.

Hilo ndilo lililonifanya nisimjibu kijana haraka.

Lakini nisiseme nusu ya mambo. Wako wanaohubiri kwamba vyombo si kitu, moyo ndio kila kitu. Hao wengi wao wana vyombo nyumbani. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alikuja Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, akaleta gitare ya umeme. Wapigaji wa mji walipoisikia, muziki wetu ulibadilika, na bila hiyo hakuna Docteur Nico tunayemjua. Chombo kinaweza kufungua mlango.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Konono No 1. Mzee Mingiedi Mawangu alikuwa mpigaji wa likembe, Mzombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, aliyehamia Kinshasa. Kijijini likembe inasikika vizuri. Kinshasa, katikati ya magari, baa na watu milioni, hakuna aliyeisikia. Shida yake ilikuwa ya kweli kabisa. Hakwenda dukani. Walichukua sumaku kutoka kwenye vipuri vya magari ya zamani, wakatengeneza mikro kwa mbao, wakatumia vipaza sauti vya pembe vya zamani, vile vya kutangazia umati, na vyuma chakavu vikawa batteri. Sauti ilitoka na mkwaruzo ambao hawakuutafuta, na mkwaruzo huo ndio uliowafanya Ulaya na Japani kuwaita. Mwaka 2011 walikuwa miongoni mwa walioshinda tuzo ya Grammy pamoja na Herbie Hancock. Mzee Mingiedi alifariki 2015.

Tazama mpangilio wake. Likembe ilikuwapo, nyimbo zilikuwapo, wasikilizaji walikuwapo, kilichokosekana ni sauti kufika mbali. Ndipo wakatafuta chombo cha kujaza pengo hilo moja.

Na kwa sababu wengi wenu mnaonisikiliza mmelala nje au bado mnalala chini ya turubai, niwakumbushe Staff Benda Bilili. Ni watu waliopooza miguu kwa polio, waliotembea kwa baiskeli za magurudumu matatu na kulala nje karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa. Pamoja nao alikuwa kijana wa mtaani, Roger Landu. Alibuni chombo chake mwenyewe, satonge: kopo tupu, fimbo iliyopindwa na uzi mmoja. Uzi mmoja tu, na katika rekodi utadhani ni solo ya gitare ya umeme. Sehemu kubwa ya albamu yao ya 2009, "Très Très Fort", ilirekodiwa palepale kwenye bustani ya wanyama, na vyura wanasikika. Nyumba walimokuwa wakijihifadhi iliungua katikati ya safari yao. Waliendelea kufanya mazoezi.

Jumamosi nilikwenda kule eneo la wakimbizi. Sikwenda na hotuba. Nilibeba gitare ya jirani yangu katekista, yenye nyuzi tano. Uzi wa sita tuliutoa kwenye kable ya breki ya baiskeli, tukauchambua mpaka ukawa mwembamba. Si uzi mzuri, na kidole cha yule mpigaji kilitoa damu kidogo, lakini ulishika sauti. Alipokaa na gitare magotini hakupiga kitu kwa muda. Aliipapasa tu shingoni. Halafu akaanza wimbo wa nyumbani kwao, taratibu, akikosea na kurudia, na mtoto mmoja akaleta chupa ya Fanta bila kuambiwa.

Wanawake walitoka kwenye vibanda. Wengine walijua maneno.

Baadaye tukakaa na akina mama wa likelemba tuzungumze habari ya dola 310. Vijana wawili walitaka bado kwenda kulipa kwa mfanyabiashara Jumatatu, na walisema waziwazi kwamba mimi ni mzee mwenye wivu. Mmoja alisema jambo la kweli: bila bafle hakuna atakayewaita kwenye arusi, na bila arusi hakuna pesa. Nilimwambia hapo ana haki, na kwamba bafle hukodishwa kwa siku moja. Hakupenda jibu hilo.

Mama mwenye daftari alisikiliza wote, akafunga daftari lake ndani ya kitenge. Akawaambia, "Wanangu, pesa ipo hapa, haikimbii. Siku mtakaponiimbia nyimbo kumi, nitaifungua."

Jumatano nilipopita walikuwa na wimbo mmoja na nusu.